Jeep Iliyolala Ikitazama Kanisa

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu vijana wa garaji wananong'ona kwamba nimeacha kazi kwa hasira, ama kwamba mke wangu amenikataza. Hakuna. Magoti yamekataa kuingia chini ya gari, na yakishaingia yanakataa kutoka. Mwezi uliopita, pale Kashojwa, niliingia chini ya lori la mahindi, nikamaliza kazi, nikashindwa kutoka, hadi wakanivuta kwa miguu huku wenye lori wakicheka. Nikaenda nyumbani, nikaoga, nikawaambia inatosha. Spana nikazigawa, karibu zote.

Vijana wakaniomba kitu kimoja tu. Wakasema, Papa Riziki, utuandikie habari ya hizi gari za zamani zinazosumbua kuwaka asubuhi, maana wewe ndiye ulikuwa unaitiwa hizo. Ni kweli. Asubuhi mingi za maisha yangu mtu amesimama mlangoni kabla sijanywa chai, akisema gari imekataa. Haya, naandika. Riziki ni binti yangu. Kwetu Kivu ya Kusini ukishazaa jina lako linaishia hapo, unakuwa baba wa fulani mpaka kaburini. Habari ya vyeo na mishahara sitaandika. Ya kwangu ingejaza mstari mmoja na nafasi ingebaki.

Nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, nikiwa kijana, na bibi, yaani mke wangu, na mtoto mgongoni mwake. Tukapewa kiwanja na jembe. Mama Riziki na jembe walipatana siku hiyo hiyo. Mimi na jembe hatujapatana mpaka leo. Kwetu nilikuwa nimegusagusa injini, basi nikaenda Mbarara kutafuta kazi, nikaipata Ruti, kando ya barabara ya Kabale, katika garaji ya mzee mmoja aliyeitwa Mugume. Alikuwa sajini wa jeshi la Uganda, fundi wa malori. Jeshi lilikuwa limemwacha aende zake, lakini yeye alikuwa hajaliacha. Kila asubuhi alitupanga mstari akakagua viatu, kana kwamba tunakwenda vitani na siyo kubadilisha oili. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, hakina mapambo, na hadi leo ndicho ninachokisikia kichwani nikifungua boneti.

Siku yangu ya kwanza walileta lori la dizeli limevutwa kwa kamba. Nikataka kuonekana. Nikaruka ndani, nikapiga stata. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka ikaanza kulia kama mtu anayeamshwa kwa lazima. Mugume akaja bila haraka, akapitisha mkono dirishani, akachomoa funguo.

“Wewe Mukongomani, toka kwa gari. Unaua betri ya mtu.”

“Nilikuwa natafuta ugonjwa, afande.”

“Ugonjwa unatafuta na stata?” Akaweka funguo mfukoni. “Hii gari ililala wapi?”

“Sijui, afande.”

“Hujui, na mkono yako iko kwa funguo. Kwenda. Ona pahali ililala, ndiyo urudi uniambie.”

Nikaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mwenye lori, nikimtukana Mugume njia nzima kwa lugha ya kwetu ili wapita njia wasielewe. Pale lori lilipolala, kando ya migomba, nikakuta udongo umelowa mazutu, hayo mafuta ninyi mnayoyaita dizeli, doa jeusi upana wa sinia. Nikarudi na jibu: kuna mpira umepasuka chini, upande wa tangi. Hakunisifu. Alisema tu, “Kale,” yaani haya, “sasa chukua spana.” Miaka yote niliyokaa kwake hakuniruhusu kushika gari yenye shida ya asubuhi kabla ya kujibu swali lile. Tulicheka nyuma ya mgongo wake. Wenye gari nao walicheka, maana mtu analeta gari kwa fundi, na fundi anataka kupelekwa nyumbani kwake.

Sasa vijana, sikilizeni hapa, kwa sababu ninyi mnapenda kubadilisha vitu kabla ya kusikiliza. Gari ya dizeli ikikataa asubuhi, mwambie mwenyewe apige stata mara moja, wewe usimame nyuma uangalie bomba la moshi. Kama stata inazunguka kwa uvivu, ama inasema ta-ta-ta na kunyamaza, achana na mambo ya mafuta. Ugonjwa uko kwenye umeme, betri, nyaya, ama stata yenyewe. Kama inazunguka kwa nguvu, moshi mweupe unatoka, lakini injini haishiki, basi mafuta yanafika ila hayapati joto. Angalia zile buji zinazopasha injini kabla haijawaka, na kama ni nzima, huenda injini imezeeka tu kama mimi. Kama inazunguka kwa nguvu na bomba halitoi hata moshi wa sigara, mafuta hayafiki. Ni hayo. Nimekula kwa hayo matatu, na yaliyobaki yote ni kuinama.

Na ya kwanza, ile ya stata mvivu, nilifundishwa na mke wa koplo mmoja. Aliitwa Mama Brenda, alikaa kambini na mumewe, na alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea matoke kutoka Kabingo. Alifika Ruti akisukumwa na askari wanne waliokasirika.

“Fundi, hii gari imenichosha, banange! Betri nimebadilisha, na ingine nimebadilisha. Asubuhi naguza funguo, inasema ta-ta-ta, inakufa.”

Betri ilikuwa mpya inang'aa. Stata tukaifungua, nzima. Nikakumbuka swali la mzee, nikamwomba anipeleke inapolala. Kambini pale nikaona kila kitu kimepakwa rangi ya kijani mbichi: mageti, mawe ya kando ya njia, ndoo, mpaka shina la mti. Kumbe mkubwa fulani alikuwa anakuja kukagua. Nikamuuliza koplo kama gari nayo ilipakwa. Akajibu kwa fahari kwamba aliipaka hadi chini, na ili kazi itoke safi alifungua kwanza nyaya zote, akapaka, akazirudisha. Ule waya mweusi wa betri unaofungwa kwenye chesisi ulikuwa umekaa juu ya rangi, umeme haupiti. Nikakwangua rangi kwa kisu mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga. Ikawaka. Mama Brenda akamwangalia mumewe kwa muda mrefu, na mimi nikakusanya spana haraka, kwa sababu mambo ya ndani ya nyumba siyatengenezi.

Mugume alipozidiwa na presha akarudi kijijini kwake, nami nikarudi Nakivale, nikafungua garaji yangu karibu na Base Camp, mabati manne na shimo. Hapo ndipo vijana mlinikuta. Kesi nyingi mlizishuhudia wenyewe, sina haja ya kuzirudia. Moja hamkuiona yote, na ndiyo mliyotaka niandike, hata kama mlijifanya mnauliza mambo ya dizeli.

Kanisa letu la Kashojwa lina jeep moja ya dizeli, ya zamani, ina mabenchi mawili nyuma. Shofere wake ni Byamungu, jirani yangu, mtu mpole anayeiongelesha ile jeep kuliko anavyomwongelesha mke wake. Jeep hiyo hubeba wagonjwa, wajawazito wenye uchungu, na maiti. Bodaboda zipo, teksi zipo, lakini kuna mtu asiyeweza kupanda boda wala kubanwa kwenye teksi, na mmoja wao ni mjukuu wangu Asifiwe, mwana wa Riziki.

Asifiwe alizaliwa kwa taabu. Hakai, hasemi, shingo yake haishiki vizuri, na amekuwa mrefu sasa, lazima alazwe. Lakini anasikia. Na kitu kilichomchekesha kuliko vyote duniani ni injini ya dizeli inaposhika ikiwa baridi, ile du-du-du ya kwanza inayotikisa mabati. Alicheka kwa mwili wote, mpaka vidole vya miguu. Nilikuwa nampeleka garajini asubuhi, namlaza kwenye turubai kivulini, na mteja wangu akipiga stata, mimi namtazama mtoto. Siku ambayo gari zote zilikataa, alikaa kimya, akiwa macho, anangoja.

Riziki na bwana yake waliandikwa kwenda kuishi ng'ambo kwa sababu ya huyo mtoto, kule kuliko na madaktari wa watu kama yeye. Mambo hayo yana safari mingi kabla ya safari. Unaitwa Mbarara kupimwa, unaitwa tena, na kila kuitwa kuna saa yake asubuhi. Mara ya kwanza walipoitwa kupimwa, tulimlaza Asifiwe kwenye godoro katikati ya mabenchi ya jeep, Byamungu akapiga stata, na jeep ikakataa. Ilizunguka kwa nguvu, bila moshi. Wanaume wakaisukuma kwenda na kurudi mpaka ikashika, jua likiwa juu. Mbarara walikuta zamu yao imepita.

Riziki alirudi uso umevimba. “Papa, bamesema turudi keshokutwa, na tukikosa tena, dosiye, faili yetu, inarudi chini ya zingine zote. Chini kabisa. Asifiwe atakuwa mutu muzima.”

Nikaona aibu, kwa kuwa baba yake ndiye fundi. Jeep hiyo ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa mafundi wengine, hata wa Mbarara, na walikuwa wamebadilisha kila kinachobadilishwa: betri, buji, filta. Kila ilipopelekwa garaji iliwaka, kwa sababu ilifika garaji ikiwa imekwisha kuwaka. Walimrudishia Byamungu wakimtazama kama mwongo. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kusadiki maneno ya pale uani, kwamba Mungu ndiye anayeizuia.

Nikajiuliza swali la Mugume. Mimi, mwenye kulirudia kwa wengine kila siku, nilijua jeep inalala kanisani, kila mtu anajua, kwa hiyo sikuwahi kwenda kuangalia. Jioni ile nikaenda. Kanisa letu liko juu ya kilima, na ua wake unapanda kuelekea mlangoni. Jeep ilikuwa imesimama kwenye mpando, pua juu, ikiutazama mlango. Banamama ba maombi walikuwa wameizunguka, mikono juu ya boneti, na anayeongoza alikuwa Mama Riziki.

Nikangoja waseme amina. Kisha nikafunga mpira mmoja kati ya filta na pampu kubwa, ule mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, ambao waashi hutia maji kupima usawa wa ukuta. Niliazima kipande kwa jirani mwashi. Byamungu akaiwasha jeep kidogo, tukaona mazutu imejaa mpirani, rangi ya chai. Tukaizima. Alfajiri nikarudi kabla ya mtu kugusa funguo. Mpira ulikuwa mtupu. Mafuta yote yalikuwa yamerudi tangini.

Vijana, hapo msikurupuke. Mafuta hayarudi yenyewe. Yanarudi kama hewa imepata mlango. Ile pampu ndogo ya mkono juu ya filta, ya kuyapandisha tena, ilikuwa imekufa mpira zamani, ndiyo maana stata ilizunguka hadi kuchoka. Nikaingia chini. Kavu kote. Hakuna doa, hakuna jasho. Nikatoka nikiwa na hasira, nikamuuliza Byamungu.

“Mbele ya hapa, jeep ilikuwa inalala fasi gani?”

“Fasi ni hii hii, Papa Riziki.”

“Ikiangalia wapi?”

Akafikiri. “Zamani ilikuwa inaangalia barabara, tayari kwa kutoka. Ni Pasta alisema chombo cha Mungu kisigeuzie Mungu mugongo. Tangu pale njo tunaigeuza.”

“Na tangu pale njo inakataa?”

Byamungu akashika kichwa. “Ee Mungu wangu.”

Nikaeleza. Tangi liko nyuma, injini mbele. Jeep ikilala pua chini, injini inakuwa chini ya tangi, mafuta yanabaki mbele hata kama kuna tundu. Ikilala pua juu, tundu linanyonya hewa na mafuta yanarudi nyuma usiku kucha. Nikamwomba Pasta Mugisho tuigeuze usiku mmoja tu, ule wa kuamkia siku ya pili waliyoitwa Mbarara. Ikiwaka, tundu lipo, na pengine litajionyesha.

Pasta ni mtu mwema lakini neno akishalisema mbele ya watu linamshika. “Papa Riziki, watu wataniuliza. Jeep ya kanisa ionyeshe altare makalio?”

“Pasta, Mungu haoni injini?”

“Anaona. Ni watu ndio hawaoni.” Akasugua macho, naye alikuwa amechoka. “Muulize bibi yako. Banamama ba maombi wakikubali, mimi sina neno.”

Basi nikaenda nyumbani kuomba ruhusa ya kugeuza gari. Mama Riziki alikuwa anapepeta maharagwe. Nikamweleza habari ya mpando na hewa, akapepeta hadi mwisho bila kuniangalia.

“Nimesikia,” akasema. “Apana.”

“Mama Riziki, wakikosa kesho…”

“Najua. Unafikiri naombeaka nini pale kwa boneti kila mangaribi?” Akaweka ungo chini. “Miye naomba isiwake. Naomba kwa sauti ya ndani. Banabeba mutoto wangu mmoja, banabeba na mujukuu, banapeleka fasi sitafika maisha yangu yote, na weye unataka kubafungulia mulango? Mutu gani anatengeneza motokari ya kumunyang'anya mutoto?”

Nilikaa chini kando yake. Nilikuwa na maumivu yale yale, sikuyapenda yasemwe, na sasa yalikuwa yamesemwa. Ndani Asifiwe alikuwa anakoroma kidogo, ile pumzi yake ya kukwama ambayo kwa baridi hutufanya wote tunyamaze tuisikilize. Tuliisikiliza. Ikakwama, ikarudi. Ikakwama muda mrefu, Mama Riziki akawa amekwisha simama, ikarudi.

Alibaki amesimama pale mlangoni. Kisha akachukua kitenge chake, akajifunga kichwa, akatoka. Nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja hadi kanisani, akamwambia Byamungu mbele ya Pasta, “Igeuze.” Byamungu akauliza kama ni kweli. “Nimesema uigeuze! Unataka niiinue miye?”

Ikageuzwa, makalio kwa mlango, pua kwa barabara.

Alfajiri tulikuja na godoro. Watu walikuwa wengi kuliko wasafiri, maana habari ilikuwa imezunguka. Kabla ya stata nikaingia chini na tochi, na safari hii sikutafuta sana. Katikati ya chesisi, pale mpira unapoungana na bomba la chuma, kulikuwa na ukanda wa tyubu ya baiskeli umezungushwa na kukazwa, kama tunavyofunga kila kitu hapa Nakivale, jembe, kitanda, redio na mguu wa meza. Kwenye ukingo wake kulikuwa na tone la mazutu. Moja, linaning'inia. Mpira wa baiskeli unaweza kuzuia mafuta yasitoke kwa muda, lakini mazutu huutafuna ukalegea, na hewa haihitaji mlango mkubwa. Jeep ilipolala pua juu haikutoa tone, ilinyonya kimya kimya. Ndiyo maana wote tuliona pakavu.

Nikatoka, nikamwambia Byamungu apige. Akanong'ona kitu kwa usukani, akapiga. Ikashika mara moja. Du-du-du, na mabati ya kanisa yakaitika, na kutoka kwenye godoro Asifiwe akacheka. Alicheka mpaka Riziki akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na watu waliokuja kuona jeep ikimkataa Mungu wakapiga vigelegele. Mama Riziki hakupiga. Aliingiza mkono dirishani, akamfunika mtoto miguu.

Walifika Mbarara kwa saa yao. Waliporudi nikakata kile kipande chote, nikatia mpira wa mafuta wa kweli na klipu mbili za chuma, nikatengeneza pampu ya mkono. Nikairudisha jeep ilale ikitazama kanisa, kwa makusudi, maana gari iliyopona lazima iwake hata ikilala vibaya. Ikawaka. Pasta akatoa ushuhuda Jumapili na kuchanganya kidogo mambo ya hewa na mambo ya Roho, nikamwacha.

Walipimwa, wakaitwa, wakaambiwa siku. Siku ya kuondoka jeep iliwapeleka mpaka kwenye basi. Alfajiri ile niliomba, sitaki kudanganya, nilisimama pale nikasikia mwenyewe ninaomba ichelewe kidogo, dakika tu za kumshika mtoto mkono. Byamungu akapiga. Ikashika kwa pigo la kwanza. Asifiwe akacheka, na kicheko kikatelemka na jeep mpaka kona ya shule, kisha tukabaki na vumbi. Mama Riziki akasema, “Umefanya kazi muzuri, Papa Riziki.” Hakusema kwa ubaya. Tulirudi nyumbani tukakuta godoro lake la kulalia limebaki na shimo la mwili wake, hatukuligusa siku mingi.

Riziki hupiga simu. Mwanzoni alituambia mambo ya baridi na ya shule. Kisha siku moja akasema, “Papa, Asifiwe hachekake tena. Daktari anasema iko muzima, amenona hata. Lakini hachekake. Huku motokari hazina sauti. Unaingia, inaenda tu.”

Nilifikiri jambo hilo siku nzima chini ya lori la mtu. Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, nikaenda kanisani na simu, nikamwomba Byamungu asiguse funguo. Kwetu kulikuwa kunapambazuka, kwao ilikuwa jioni, saa ya kumlaza mtoto. Riziki akaweka simu yake sikioni mwa Asifiwe. Mimi nikafungua boneti, nikaishika ya kwangu juu ya filta. Nikamwashiria Byamungu.

Ikashika. Simu ilitetemeka mkononi, na kwa muda sikusikia kitu kwa sababu ya injini. Nikaibana sikioni kwa nguvu, nikaziba sikio la pili. Alikuwa anacheka.

Sasa ni kila Jumamosi. Inataka injini baridi, ikiwa ya moto sauti siyo ile, na inataka kushika mara moja, kwa sababu simu ina salio la dakika chache na mtoto akingoja sana anasinzia. Kwa hiyo vijana, mkiuliza spana namba kumi iko wapi, na bisibisi ya klipu, ninazo mimi. Sijazitoa. Ijumaa jioni naipitia jeep klipu kwa klipu, halafu nawaachia banamama. Mama Riziki bado ndiye anayewaongoza, mikono juu ya boneti, na siku hizi anaomba kwa sauti, kila mtu anasikia, anaomba iwake.